Italia kwa Treni, Siko Seli Mgongoni

Somo yangu ana siko seli. Tunaitana somo kwa sababu tuna jina moja, na tangu darasa la tatu pale Tanga, mwalimu akilitaja jina hilo tulikuwa tunaitika wawili. Siku niliyoitika peke yangu, darasa zima lilijua mwenzangu amelazwa hospitali ya Bombo. Ugonjwa wake niliujua kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili: kwamba baridi ni adui, kiu ni adui, uchovu ni adui, na kwamba akianza kuvikunja vidole vya mkono wa kushoto huku akizungumza habari nyingine kabisa, maumivu yameshaingia, ila hataki yajulikane.

Natoa ushuhuda huu kwa idhini yake. Amesoma kila mstari. Mahali pamoja alisema, "Hapo pafute, hilo ni langu na Mola wangu," nami nimepafuta.

Mimi nilikuwa nasoma Bologna, kwenye chuo kikuu kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote Ulaya. Wenyewe wanasema kilianza 1088. Tangu tuko sekondari tulikuwa na ahadi kwamba atakayetangulia kufika ng'ambo amwite mwenzake, wabebe mashanta, wapande treni, wasigeuke mpaka reli iishe. Ahadi za kitoto wengi huzisahau. Yeye hakuisahau. Alipokamilisha nauli aliniandikia maneno matatu: "Somo, reli ipo?"

Visa ilitutoa jasho. Bima ya safari inayotakiwa kwa visa ya Schengen lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu, na zipo bima ambazo, ukisoma maandishi madogo ya nyuma, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari haumo. Tulitafuta mpaka tukapata inayokubali kulipia dharura ya ugonjwa wa zamani. Daktari wa kliniki yake alimwandikia barua: aina ya siko seli aliyonayo, kiwango chake cha kawaida cha damu, dawa anazokunywa kila siku, na dawa zinazomtuliza akipata krisisi ya maumivu, pamoja na vipimo vyake. Barua hiyo niliitafsiri kwa Kiitaliano, nikampa mwalimu wangu airekebishe. Wenye siko seli wanaofikiria safari, wekeni barua ya namna hiyo mbele ya pasipoti.

Ndugu walisema mengi. Wapo waliosema mgonjwa hatembei, hutembelewa. Mama yake alinipigia simu usiku. "Mwanangu," akasema, "huyu nakukabidhi. Asilale na kiu, asilale na baridi. Yaliyobaki Mungu atayasimamia." Nikamjibu, "Nimempokea, mama."

Alikuja Februari, mitihani yangu ikiwa imekwisha na tiketi za ndege zikiwa zimeshuka bei. Februari ya Bologna si ya mchezo. Bonde la mto Po hufunikwa na ukungu unaoingia mpaka kwenye kola ya koti. Nafuu ya mji ule ni baraza zake. Njia za watembea kwa miguu zimeezekwa, na kwa katikati ya mji peke yake zinafika kilomita 38 hivi, kiasi cha kwamba 2021 UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia. Siku za mwanzo tulizunguka chini ya baraza hizo bila kuloa, yeye amevaa fulana tatu, sweta mbili na koti langu.

Shanta lake lilikuwa zito kuliko langu ingawa nguo zake zilikuwa chache. Lilijaa chupa za maji, vidonge vya foliki, haidroksiyurea, dawa za maumivu, mfuko wa maji moto wa kujikandia, kipimajoto, na tangawizi ya unga aliyofungiwa na mama yake kwenye mkebe wa maziwa. Nilipotaka tubadilishane mizigo alikataa. "Nikibebewa leo," alisema, "kesho utataka kunibeba na mimi."

Tulichagua treni za mikoa, zile za polepole zinazosimama kila penye paa na benchi. Watalii wengi huzikwepa, lakini kwa mtu ambaye mwili wake haumwambii kesho ataamkaje, ndizo zinazofaa. Bei yake haipandi hata ukinunua tiketi dakika ya mwisho, kwa hiyo ukiamka vibaya unalala, na ukiamka vizuri unaondoka. Tiketi ya karatasi unaweza kuinunua hata kwenye duka la tumbaku, kisha unaigonga kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Usipoigonga, mkaguzi anakuhesabu hujalipa. Treni ya kasi kutoka Bologna hadi Firenze hutumia chini ya dakika 40, lakini karibu njia nzima ni handaki chini ya milima ya Apennini, na somo yangu hakuvuka bahari mbili aje aangalie ukuta mweusi.

Tulianza na Venezia. Treni inapita Ferrara, Rovigo na Padova, halafu nchi kavu inaisha na treni inaendelea, juu ya daraja la karibu kilomita nne lililolazwa juu ya maji. Alisimama dirishani njia yote ya daraja lile. Tuliposhuka, ngazi za stesheni zinamwagikia mferejini moja kwa moja, na upepo uliotoka kule ulikuwa na unyevunyevu wa barafu. Tulitembea, tulipiga picha, tulikula, tulicheka. Jioni kwenye treni ya kurudi alianza kunisimulia habari za shangazi yake na kiwanja cha Pongwe, habari ndefu, na mimi sikusikia hata neno moja kwa sababu nilikuwa naviangalia vidole vyake.

Mji tuliotelemkia kutafuta hospitali sitautaja. Ni wa kaskazini, inatosha.

Italia mgonjwa wa dharura akifika hupewa rangi: nyekundu, chungwa, samawati, kijani au nyeupe, kwa kadiri ya hatari aliyonayo. Somo yangu alipewa kijani. Kijani maana yake subiri. Anayeumwa siko seli hana jeraha la kuonyesha. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, kwake hupinda kama mundu na kukakamaa, zikaziba mishipa midogo, na nyama na mifupa inayokosa damu hupiga ukelele ambao nje hausikiki. Yeye amelelewa kutopiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, ametulia, jasho linamtoka, na kila aliyepita aliona msichana mtulivu aliyevaa makoti mengi.

Niliipeleka barua dirishani. Nesi aliisoma juujuu, akafika penye neno mofini, akanitazama mimi, siyo yeye. Akauliza kama mwenzangu hutumia madawa ya kulevya. Swali lile sikulitafsiri.

"Kasema nini?" somo yangu akauliza.

"Tusubiri."

"Muongo. Kauliza kama navuta unga."

"Ndiyo."

"Mwambie ningekuwa navuta, ningekuja na wangu."

Alipewa dripu ya parasetamoli na kiti kilekile. Saa zilienda. Watu wa mguu ulioteguka walipita, mtoto wa mafua alipita. Mimi niliinuka na kuuliza, nikaambiwa kwa adabu. Nikainuka tena, adabu ikapungua. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2012 unasema mtu mwenye krisisi ya siko seli apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike hospitali. Kwa nini waliona haja ya kuandika jambo hilo kwenye mwongozo, nililielewa usiku ule. Anayejua jina la dawa inayomsaidia huonekana mjuzi mno, na mjuzi wa mofini, hasa akiwa mweusi, hushukiwa.

Ilipobadilika zamu akaja daktari kijana. Aliisoma barua akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaenda kwenye kompyuta, akarudi ameshika sindano mwenyewe. Alimwomba radhi kwa Kiingereza cha shule, akamwambia hajawahi kumtibu mtu mwenye ugonjwa huu. Mofini, maji ya dripu, blanketi. Vidole vya mkono wa kushoto vilifunguka kimoja kimoja. Huyo kijana simlaumu hata kidogo, na somo yangu mpaka leo humwombea dua.

Tulirudi Bologna tukajifungia chumbani, hita imewashwa mpaka mwisho, mimi nachemsha maharage na wali, yeye analala. Alipopata nguvu nilimwambia safari imekwisha. Tukagombana, na sisi hatugombani. Mimi nilikuwa na ile sauti ya mama yake sikioni. Yeye alikuwa na hoja ambayo sikuwa na jibu lake.

"Somo, nikirudi nyumbani nitaumwa. Nikibaki humu chumbani nitaumwa. Sikuwahi kuchagua kuumwa, lakini mahali pa kuumwia nachagua."

Akachukua ramani ya reli, akashusha kidole mpaka chini kabisa, kwenye kisiwa. Huko, akasema, kuna jua. Hakukosea. Sisilia mwezi Februari joto la mchana hufika nyuzi 15 hivi, baridi kwa mtu wa Tanga, lakini si ile ya kuingia kwenye mifupa. Tukakubaliana masharti: hatuendi bila kujua hospitali ya mji tunaolala ilipo, na vidole vikikunjwa hata mara moja, tunasema.

Firenze tuliipita, naona haya kusema, bila kuangalia sanamu hata moja. Tulikaa kwenye mkahawa wenye joto tukanywa chokoleti nzito ya kuliwa kwa kijiko. Roma ndiyo iliyotupokea. Mji ule una mabomba ya chuma ya barabarani takriban 2,500, ambayo wenyewe wanayaita nasoni, yaani mapua makubwa, kwa midomo yake iliyopinda. Yanatiririka maji ya kunywa usiku na mchana, bure. Kwa mtu anayetakiwa kunywa lita tatu kwa siku, hilo lina maana kuliko Koloseo. Alijaza chupa mbele ya makanisa, mbele ya ofisi za ubalozi, kwenye vichochoro vya wauza samaki, na kila akijaza alisema alhamdulillahi kwa sauti. Ubaya wa maji ni kwamba hutoka, na vyoo vya stesheni vinalipiwa. Tukajifunza kupanga haja zetu kwa ratiba ya treni, maana choo cha ndani ya treni hakina bei.

Kuna jambo jingine la Roma. Kwenye benchi la stesheni lililojaa watu wa kila aina, askari waliopita wakiomba pasipoti waliziomba zetu wawili. Walizirudisha, wakatutakia safari njema. Somo yangu alifunga zipu ya shanta akasema, "Angalau hawa hawakuuliza kuhusu unga."

Napoli tulilala tukamwona Vesuvio kwa mbali, amevaa theluji kichwani. Nilitaka tupande, akanikumbusha kwamba kupanda mlima na yeye ni mambo mawili yasiyokaa pamoja. Akala pizza mbili.

Treni ya usiku ya Sisilia tuliipanda ikitoka Roma. Chumba chetu kilikuwa cha vitanda vinne, na tuliyelala naye alikuwa mama mmoja mtu mzima anayerudi kwake, ambaye alivua viatu, akajifunika, akakoroma kabla taa za mji hazijaisha. Nakiri hakuna usingizi mtamu kama wa treni. Reli inafuata bahari saa nyingi, gizani huioni lakini ukifungua dirisha kidogo unainusa.

Tukiwa mkoa wa Calabria, kabla ya mapambazuko, niliguswa bega. "Vidole," akasema. Alikuwa ametimiza sharti.

Mgongo na mapaja, akaniambia. Bado si vibaya sana. Alikunywa dawa zake, nikaujaza mfuko wa maji moto kwa maji aliyonichotea mhudumu wa behewa. Tulifika Villa San Giovanni, mahali ambapo bara linaisha. Mlangobahari wa Messina hapo una upana wa kilomita tatu na ushei tu, lakini hauna daraja, kwa hiyo treni yenyewe hupakiwa kwenye feri. Mabehewa hukatwa vipandevipande, yakasukumwa ndani ya tumbo la meli kwenye reli zilizomo humo, yakafungwa. Kila kipande kikisukumwa, kinatikisika kizima. Mtikisiko wa kawaida, watoto huupenda. Kila mmoja ulipita kwenye mifupa ya somo yangu, nami nilikuwa nimemshika, nikauhisi ukipita.

Meli ilipoachia gati, akasema, "Kifua."

Sikuhitaji maelezo. Krisisi ya mgongo na miguu humtesa mtu; ya kifua huua. Mapafu yanakosa damu, oksijeni inashuka, na oksijeni ikishuka chembe nyingi zaidi hupinda, ndipo moja linalivuta jingine. Nilitoka kumtafuta mhudumu. Abiria wengi walikuwa wamepanda juu kwenye baa ya meli, ambako wanauza yale madonge ya wali yaliyokaangwa, na tumbo la meli lilikuwa tupu, taa hafifu, harufu ya grisi na chumvi. Ngazi za kwenda juu ni za chuma, za wima. Hata angetaka hewa ya nje asingezipanda.

Mhudumu alipiga 112 hapohapo. Yule mama wa kitanda cha jirani alikuwa ameamka. Hakuuliza kitu. Alipanda nyuma ya somo yangu, akamwegemeza kifuani kwake ili akae wima, akawa anapumua naye, taratibu, kwa sauti, mpaka pumzi zao zikaenda pamoja. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na barua ile mkononi, nasoma ninachokikumbuka katika Ayatul Kursi, nakosea, narudia. Kuvuka kwenyewe si kurefu. Lakini hakuna kituo cha kushuka katikati ya maji.

Bandari ya Messina imezungushiwa ulimi wa ardhi uliojikunja. Tulipotoka na machela kukawa kunaanza kupambazuka, akaiona bandari kupitia mlango wa ambulensi, akavuta oksijeni, akanong'ona, "Somo, hata bandari yao imepinda mundu." Nililia hapo, si kabla.

Hospitali ya huko walimpa rangi ya chungwa akiwa bado mlangoni. Akaja daktari mwanamke mwenye mvi, akachukua barua lakini hakuisoma kwanza. Alimwinamia mgonjwa mwenyewe, akamuuliza: esse-esse, au esse-beta?

Mimi nilifungua mdomo kutafsiri. Somo yangu alikuwa ameshajibu. "Esse-esse," alisema. Kwa namna alivyoulizwa alijua anaulizwa nini. Alikuwa anaulizwa siko seli yake ni ile ya kurithi mundu kwa wazazi wote wawili, au ni ya mundu upande mmoja na talasemia, ugonjwa mwingine wa damu, upande wa pili. Hilo ni swali la mtu ambaye wagonjwa hawa ni kazi yake ya kila wiki. Mofini ilifika kabla sijamaliza kuvua shanta.

Picha ya kifua ilionyesha doa chini ya pafu la kulia. Antibiotiki, oksijeni, maji, na damu ya kuongezewa. Aliposikia damu alishtuka. "Ndugu zangu hawapo wa kuja kutoa," akaniambia nimweleze daktari, maana kwetu ukiongezewa damu mara nyingi ndugu hutakiwa watoe ya kurudisha. Daktari hakuelewa kwanza, kisha akaelewa, akasema damu ya Italia hutolewa na watu wa hiari wasiolipwa. Chama chao kikubwa, AVIS, kilianzia Milano 1927. Nani aliyetoa chupa zile hatutamjua. Somo yangu alimwita "mjomba". Mpaka leo akipata nguvu husema, "Mjomba wangu wa Messina yumo."

Asubuhi hiyo simu yangu ililia kabla sijapanga la kusema. Mama yake. Hajawahi kupiga saa ile.

"Mama, amelazwa. Kifua kimembana. Wanamtibu."

"Unamwona kwa macho yako?"

"Namwona, mama. Anapumua."

"Basi usimwondolee macho." Akakata.

Kitanda cha pili kulikuwa na kijana wa Kisisilia, mrefu, mweupe, amevaa jezi ya mpira, mama yake kakaa pembeni anafuma. Nilidhani ana malaria au homa ya mapafu. Mama yule alipoona mfuko wa damu wa somo yangu akainyooshea kidole kadi ya mwanawe. Mundu na talasemia. Yule kijana alikuwa anavikunja vidole vya mkono wa kulia.

Nimeishi Italia na kusoma kwa Kiitaliano, na hilo sikuwa nikilijua: kwamba siko seli, ambayo kaskazini walimtazama somo yangu nayo kana kwamba kaibeba kutoka sayari nyingine, ni ugonjwa wa Waitaliano wa kusini tangu mababu. Ezio Silvestroni na mkewe Ida Bianco, madaktari, ndio walioueleza katika miaka ya 1940 ule mchanganyiko wa mundu na talasemia aliokuwa nao yule kijana. Sababu ya Wasisilia kuwa nao ni ileile ya watu wa Tanga, nayo ni mbu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na 1954 akaonyesha kwamba anayerithi mundu upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na malaria, mundu ilibaki kwa sababu iliokoa wengi. Anayelipia ni yule anayerithi pande zote. Talasemia nayo hivyohivyo, kuanzia Sisilia na Sardinia mpaka kwenye mabwawa ya Ferrara tuliyoyapita kwa treni bila kuyatilia maanani.

Na malaria Italia ilikuwapo kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali iliuza kwinini ya bei nafuu kwenye maduka ya chumvi na tumbaku, maduka yaleyale ambamo sisi tulinunulia tiketi za treni. Shirika la Afya Duniani liliitangaza nchi hiyo kuwa haina malaria 1970. Mbu alikwenda, mundu haikwenda naye. Vinasaba vya mundu vya Sisilia, kwa utafiti uliofanywa, vinafanana zaidi na vya Afrika Magharibi kuliko vya kwetu, kwa hiyo mundu ya yule kijana na ya somo yangu huenda hazikupita njia moja. Walikuwa na adui mmoja.

Mama yule alituletea makaroni ya kuokwa, akaapa kwa watakatifu wake wote kwamba hamna nguruwe. Kupitia mimi alimuuliza somo yangu kama nyumbani anakunywa haidroksiyurea, anaipata wapi, anailipiaje. Somo yangu akamweleza habari za kliniki yake, na kwamba Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na siko seli kila mwaka, na kwamba hospitali ya Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa kwa utafiti tangu 2004. Mama yule aliweka sindano za kufumia chini. Alidhani ugonjwa huu ni wao wachache. Kisha wakaanza kulinganisha: nini mnafanya usiku, mnakandaje, shuleni mliwaambia nini walimu. Nilitafsiri mpaka sauti ikanikauka, na walipoona nimekauka wakaendelea bila mimi, kwa mikono.

Visa ilikuwa inakwisha na daktari hakutaka apande ndege mapema. Sheria ya Schengen inaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa dharura isiyoepukika. Barua ya hospitali ilikwenda polisi, muda ukaongezwa. Bima ililipa, baada ya kubishana kwa barua pepe nyingi ambazo sitazikumbuka hapa nisije nikapandwa na hasira. Siku aliyoruhusiwa tulikwenda ufukweni tukakaa kwenye jua, yeye miguu mchangani, akasema reli bado haijaisha, inakwenda mpaka Siracusa. Nikamwambia anyamaze.

Sasa yuko Tanga. Anakunywa dawa zake, kliniki hakosi, na krisisi zimepungua ingawa hazijakoma. Yeye na mama wa Messina hutumiana ujumbe wa sauti, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kisisilia ambacho hata mimi sikipati vizuri, na sijui wanaelewana vipi ila wanaelewana. Kijana wake ameanza chuo. Barua ya daktari tumeiandika upya, safari hii mstari wa kwanza unasema: mgonjwa huyu akiwa kimya, muulize.

Safari ya pili inapangwa. Masharti yake amenitumia kwa maandishi: iwe Mei, isiwe Februari, tuanzie kusini, Venezia tuitazame kwa picha, mashanta kila mtu abebe lake, na kwenye feri tuombe behewa la mwisho kusukumwa, kwa maana huko, kwa hesabu zake, mtikisiko unakuwa mmoja tu. Nimemuuliza hesabu hizo kazitoa wapi. Hajanijibu bado.